Mtoto Niliyemfundisha Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Busi, kule Kondoa, nimevaa viatu vya kisigino. Chekeni tu, nilikuwa msichana mbichi, nimetoka chuo cha ualimu juzi, na nilidhani mwalimu hutambulikana kwa viatu. Kile kilima cha mchanga mwekundu kilinivua viatu hivyo kabla sijaliona paa la shule. Mwalimu Mkuu, mzee wa Kirangi asiyevua baraghashia yake, alinikuta nimevishika mkononi. Akanitazama miguu, akanitazama uso.

"Karibu Mwalimu. Vumbi la Busi halijui cheo."

Hakunipa hata maji kwanza. Alinipa buku la mahudhurio, lile daftari pana lenye majina ya watoto upande wa kushoto na siku za mwezi upande wa juu. "Wino wa bluu aliyekuja, wino mwekundu asiyekuja," alisema. "Mtoto asiyemo humu, kwako wewe hayupo duniani." Nikaitika, "Ndiyo, Mzee." Mtu wa miaka ishirini akiambiwa neno na mkubwa wa namna ile hulishika kwa mikono miwili, na mimi nililishika miaka mingi kuliko ilivyostahili.

Busi ndiko nilikojifunzia kazi. Usiku huingii kitandani bila andalio la somo, yaani karatasi inayoonyesha utafundisha nini kesho, kwa dakika ngapi, kwa zana gani. Mwalimu Mkuu alikuwa akilisoma asubuhi huku amesimama mlangoni, na usipokuwa nalo huingii darasani, wanafunzi wako wanakwenda kupalilia shamba la shule nawe unawasimamia kwa aibu. Wangu hawakuwahi kupalilia. Mniache nijisifu kidogo, umri unaniruhusu.

Kutoka Busi nilihamishiwa Mlali, upande wa Kongwa, karibu na kwetu. Nikafundisha hisabati hadi nikasikika. Enzi za ruksa zilipoingia, maduka yakajaa sabuni na mitumba, na mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu. Ndipo Afisa Elimu wa Wilaya aliponiita na kunipa uratibu wa elimu wa kata. Mratibu ni mtu wa katikati: shule zote za kata zinamtazama yeye, naye anaitazama wilaya. Nilipewa baiskeli, mkoba na mhuri. Kazi ya kwanza niliyoagizwa ilikuwa kuwasaka watoro.

Kwenye orodha ya watoro nikakuta watoto wanne wa nyumba moja, wote wekundu kuanzia Januari mpaka Desemba. Baba yao ni Mzee Ndahani, mlinzi wa josho la kuogeshea ng'ombe kwenye ranchi iliyokuwa ikingoja kuuzwa. Damu ikanichemka. Watoto wanne! Nikaandika hati ya kuwaita wazazi mbele ya baraza la kata, nikapiga mhuri wangu mpya, nikapanda baiskeli kuipeleka mwenyewe, ili niwaone macho kwa macho.

Ilikuwa mwendo mrefu, na katikati kuna korongo ambalo kifuku, msimu wetu wa mvua, kikikolea hujaa maji, mtu havuki. Hilo nililiona, lakini hasira haina macho. Nilipokaribia nyumba nikasikia kengele. Mtu anagonga jembe bovu lililoning'inizwa kwenye mti, mara tatu, kama shuleni kabisa. Nikaingia uani. Watoto wanne wakasimama kwa pamoja kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba." Nikaegemeza baiskeli.

Mama yao akatoka na chaki mkononi. Aliitwa Perpetua, mwalimu kama mimi, tena wa daraja langu. Alikuwa akifundisha shule ndogo ya ranchi. Ranchi ilipopunguza wafanyakazi shule ikafungwa, naye akapunguzwa pamoja nayo. Mume akabakizwa kulinda josho, kwa hiyo hawakuweza kuhama.

"Dada Mratibu," alisema, "najua ulichokuja nacho mkobani. Kaa kwanza. Kipindi hakijaisha."

Nikakaa. Nilikusudia kukaa dakika kumi nikakaa mpaka jua la saa nane. Ubao wao ulikuwa mlango wa stoo uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu. Binti mkubwa, Nyemo, wa miaka kumi na minne, alikwenda kusoma kipima mvua kilichoachwa na ranchi, akarudi na kuandika ubaoni mvua ya usiku, na kila mtoto akapewa hesabu yake kutokana na namba ile ile: mdogo ajumlishe na ya jana, wa kati atafute wastani, Nyemo achore grafu ya wiki nzima. Sayansi ilifundishwa joshoni, kwa kupe waliotiwa kwenye chupa. Vipimo vilifundishwa kwenye cherehani ya mama, kwa kitambaa na futi ya fundi. Saa nne walikamua mbuzi, na kukamua nako kulikuwamo kwenye ratiba.

Lakini lililonikalisha ni jambo moja. Nyumba ile ilikuwa na sheria: hakuna anayeinuka kwenye ngozi mpaka wa mwisho aelewe. Aliyemaliza anamgeukia asiyemaliza, anamweleza, tena kwa sauti, ili mama asikie kama anaeleza sawasawa. Nyemo alimweleza mdogo wake Neema kukopa makumi kwa punje za mtama, polepole, bila kumcheka, mpaka kale katoto kakapiga kofi la furaha. Nimekagua walimu wenye vyeti ukutani wasioweza vile.

Tulikula ugali wa mtama na mlenda. Ile hati ilibaki mkobani. Sikuichana, mimi si mtu wa maonyesho, ila kesho yake niliitia jikoni kwangu ikawasha moto wa chai.

Kabla sijapanda baiskeli, Perpetua alinishika usukani. "Nyemo ameshamaliza vitabu vyote vya darasa la saba. Nimemfikisha, Dada. Lakini mtihani haufanyiki nyumbani, na bila mtihani hakuna sekondari. Usipomwandikisha wewe, ataishia joshoni. Huyu mtoto asiishie joshoni."

Nilimuahidi. Mwalimu Mkuu wa Mlali alinuna, akasema nitamharibia shule. Afisa Elimu wa Wilaya alikuna kidevu, kisha akakubali kwa sharti moja: kwanza Nyemo afanye mtihani wa majaribio pamoja na wenzake, aonekane.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu peke yangu. Nilimchukua Nyemo akakaa kwangu Mlali. Nilimpa kalamu mbili, rula, sabuni ya kuogea na gauni la mitumba lisilo na kiraka. Nilimwonyesha choo cha shule kilipo. Kila kitu nilimwambia, isipokuwa jambo ambalo kila mtoto wa shule analijua tangu darasa la kwanza.

Aliketishwa dawati moja na binti anayeitwa Zaituni, mtoto wa muuza mafuta ya alizeti. Wakaanza hisabati. Nilikuwa nje chini ya dirisha, najifanya nakagua bustani. Kikapita kimya cha nusu saa. Mara nikasikia sauti ya Nyemo, wala si ya kunong'ona, sauti ya kawaida ya mtu anayesema na mwenziwe.

"Hapana, Zaituni. Umeambiwa robo tatu ya magunia ishirini na manne. Gawa kwanza kwa nne. Haya, unapata ngapi? Sita. Sasa zidisha kwa tatu. Umeona?"

Loh! Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye ndala. Mwalimu wa taaluma, aliyekuwa akisimamia, alimpokonya karatasi, akaandika juu yake kwa wino mwekundu: UDANGANYIFU. Nyemo akatolewa nje. Alisimama uani ananitazama, na machoni mwake hamkuwa na hatia hata chembe. Alikuwa anashangaa tu.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nimeshamaliza," aliniambia. "Yeye alikuwa bado."

Jumatatu Mwalimu Mkuu akapeleka barua wilayani kutaka jina lake lifutwe. Nikaifuata barua hiyo hiyo kwa baiskeli. Nilimwekea Afisa Elimu karatasi mbili mezani, ya Nyemo na ya Zaituni. "Tazama, Mzee. Ya Nyemo ilikwisha yote, na yote sahihi. Aliyeiba hapa ni nani, na kaiba nini? Huyu kalelewa kwenye ngozi moja na wadogo zake. Kwao, kumaliza na kunyamaza ndiyo utovu wa adabu."

Afisa Elimu alikuwa mtu mkavu, lakini hakuwa mtu mbaya. Alizisoma zote mbili mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Mama Mratibu, nimekuelewa. Lakini mtihani si shamba la ujima. Akifungua mdomo kwenye ule wa taifa, si yeye tu, na mwenzake anafutiwa, na shule inaandikwa. Una majuma matatu. Mfundishe kunyamaza. Ukishindwa, jina nalitoa mwenyewe."

Nilipomrudisha Nyemo kwao na kumfikishia Perpetua habari ile, alinipandia juu. "Miaka minne namfundisha kusema, wewe unaniletea majuma matatu ya kumziba mdomo!"

"Unataka aende sekondari au hutaki?"

Alinigeuzia mgongo akaanza kuchambua mlenda. Mlenda wenyewe ulikuwa umeshachambuliwa.

Basi nikafundisha. Kila Jumamosi nilivuka korongo. Nilimketisha Nyemo na karatasi yake, na pembeni yake nikamketisha Neema na hesabu ngumu kuliko umri wake, makusudi. Neema akikwama anamvuta dada yake gauni. "Dada. Dada, hii vipi?" Na Nyemo haruhusiwi kugeuka. Siku ya kwanza aligeuka mara tano. Siku ya pili mara moja. Siku ya tatu Neema alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, na Nyemo akaendelea kuandika, machozi yanamdondokea karatasini, kichwa hakikuinuka. Perpetua aliingia ndani akafunga mlango. Mimi niliandika kwenye daftari langu: amefaulu. Katika maandalio yote ya somo niliyowahi kuandika, hakuna lililotimia kama lile, na hakuna nililolichukia kama lile.

Siku ya mtihani wa taifa wasimamizi walitoka shule nyingine, mimi nikakaa barabarani ng'ambo ya uwanja. Walipotoka, wengine walirukaruka, Nyemo alikuja taratibu moja kwa moja kwangu.

"Zaituni alikuwa safu ya pembeni," alisema. "Ile ya robo tatu imekuja tena, namba tofauti. Nilimwona anaanza kuzidisha kwa nne. Mwalimu, nilimwona."

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza."

Nikamwambia vizuri, mwanangu. Ndilo neno lililonitoka.

Matokeo yalipobandikwa, Nyemo alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na Zaituni hakuchaguliwa. Nilikwenda mpaka joshoni kupiga vigelegele. Mzee Ndahani alishachagua mbuzi wa kuchinja. Nyemo aliuliza swali moja tu: "Na Zaituni?" Nilipomjibu, akakaa chini kwenye ngozi na hakuinuka. Tukamwita, tukambembeleza, hakuinuka. Mama yake ndiye aliyeelewa.

"Wa mwisho bado," Perpetua aliniambia. "Mlete."

Kesho yake nilimpakia Zaituni kwenye keria ya baiskeli. Alikaa pale kifuku kizima, akifundishwa na Nyemo, na Nyemo alipokwenda bweni, na Perpetua. Alijifunza robo tatu kwa mtama, kisha kwa maziwa, kisha kwa kitambaa, na kwenye kitambaa ndipo mkono wake ulipofunguka. Alipoondoka alikuwa anakata nguo kwa macho. Usione vyaelea, vimeundwa.

Niliendelea na uratibu miaka mingine mingi, nikaona maafisa elimu wanakuja na kuondoka, nikabadilishiwa baiskeli kwa pikipiki nilipokuwa nimeshazeeka mno kuweza kuiendesha. Watoto wa wachungaji na wachoma mkaa niliacha kuwaandika kwa wino mwekundu kabla sijafika kwao na kukaa. Yule mzee wa Busi alinifunza kazi, Mungu amrehemu, lakini kuna watoto waliokuwepo duniani bila kuwemo kwenye buku. Vijana mnaoanza kazi leo, kwanza nendeni mkakae.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, nilivaa kitenge alichokishona Zaituni, fundi mwenye duka lake Kibaigwa. Alinipima bega mpaka kiuno bila kuandika popote, robo na nusu zote kichwani. Nyemo alitoka Dodoma mjini, mwalimu wa hisabati, mwanamke mzima mwenye miwani. Walimwomba aseme mawili matatu. Akashika kipaza sauti.

"Mwalimu huyu ndiye aliyenifundisha kunyamaza."

Ukumbi ukacheka, wakadhani ni utani. Mimi nilitazama mikono yangu.

"Na mimi nawafundisha wanafunzi wangu hivyo hivyo," akaendelea. "Siku za mtihani tu. Siku nyingine, kwangu hakuna anayeinuka mpaka wa mwisho aelewe."

Ndipo Zaituni, aliyesimama nyuma kabisa na futi yake shingoni, akapaza sauti: "Na aliyenyamaziwa ndiye mimi hapa!"

Wakacheka tena, wakapiga makofi. Nyemo hakucheka. Aliweka kipaza sauti mezani, akapita katikati ya viti vya wakubwa, mbele ya Mkuu wa Wilaya na sahani yake ya pilau, akaenda mpaka kule nyuma, akamshika Zaituni mikono miwili. Walisemezana kwa muda mrefu, na sherehe yangu ikasimama kuwangoja. Mimi sikusikia walichosema, na sikutaka mtu awaharakishe.