Nilimwambia Mathe Achome Kadi Zake

Nilikosea, na niseme wazi kwamba hakuna aliyenisukuma. Uvivu ulikuwa wangu na sahihi ni zangu.

Nafanya kazi kwenye chama cha wafugaji upande wa Subukia. Niko peke yangu chumba cha nyuma, na kompyuta yenye rekodi za ng'ombe wa wanachama wote: huyu baba yake ni fahali gani, apandishwe kwa mbegu ipi ili damu moja isirudiane.

Kila jioni rekodi zilijinakili zenyewe kwenye diski ya akiba. Mimi nilitakiwa kila mwezi kuirudisha ile nakala kwenye kompyuta ya zamani, niifungue, nione kama inasomeka, kisha niweke sahihi. Miezi ya mwanzo nilifanya. Baadaye nikawa naweka sahihi tu. Nani angejua? Hata wa kunijulia hali hakuna aliyeingia chumba kile.

Kompyuta ilipokufa sikushtuka. Nilirudisha nakala, ikafunguka vizuri. Lakini rekodi ya mwisho ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, siku tuliyowekewa programu mpya. Programu mpya iliweka rekodi kwenye folda nyingine, lakini diski iliendelea kunakili folda ya zamani, ileile, kila jioni. Jaribio moja tu lingenionyesha!

Wa kwanza kuja alikuwa mathe mmoja, mama mfugaji wa Kabazi. Mtamba wake alikuwa tayari kupandishwa.

"Hebu niangalilie baba yake alikuwa gani."

"Mathe, rekodi zimepotea. Huna zile kadi za zamani za kupandisha ng'ombe wako?"

"Si ni wewe uliniambia nichome, ati kompyuta haisahau?"

Ni kweli nilimwambia, tena nikicheka.

Mtaalamu wa kupandisha akakisia mbegu ya kutumia. Ndama alizaliwa miguu imepinda, akaishi siku mbili. Daktari wa mifugo alisema huenda ni damu moja, huenda siyo, bila rekodi hawezi kujua. Mathe hakunitukana. Alinipigia simu akanieleza, akasema, "Nimekuambia tu ujue," akakata.

Siku hizi wakulima wananisalimia dirishani na kupita. Kila mtu ana daftari lake nyumbani. Chai nakunywa peke yangu, na inauma kuliko kama wangenifukuza.

Wewe unayeaminiwa na watu kuwatunzia rekodi zao, usiangalie tu kama nakala ipo. Irudishe leo, uifungue, utafute jina unalolijua.

Mimi sasa nafanya jaribio hilo kila Ijumaa. Inafunguka vizuri kabisa, ila hakuna tena anayeniletea ng'ombe wa kuandika.