Programu ya Bure na Mtu wa Kupokea Simu

Siku ya kwanza nilipoingia stoo ya dawa ya hospitali ya misheni, nje kidogo ya Sumbawanga, Sista msimamizi wa stoo alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Akaniambia, "Hii ndiyo kazi yako, mama. Kabla ya kuiwasha, funga dirisha. Vumbi la barabarani linaiua."

Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa katika shirika la umma lililonunua mahindi ya wakulima. Soko huria lilipokuja, wafanyabiashara binafsi walifika na malori yao, shirika likafungwa, nasi tukapunguzwa kazi. Nilirudi nyumbani Kizwite kulima ulezi na mume wangu, na nilikuwa nimeshakata tamaa ya kukaa tena ofisini. Kwa hiyo siku ile sikuuliza kompyuta ni kitu gani. Nilifunga dirisha.

Programu tuliyoitumia iliitwa Ghala. Kazi yake ilikuwa kufuatilia dawa: zilizoingia, zilizotoka, zilizokaribia kuisha muda. Iliandikwa na mtu mmoja aliyekuwa akiishi Mbeya, na sote tulimwita Mhandisi. Ilikuwa programu huria. Leo vijana mnalijua neno hilo, lakini wakati ule nililieleza hadi koo likakauka. Programu huria ni ile ambayo mwenyewe anakupa pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya fundi yanayoiambia kompyuta la kufanya. Unaruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kumpa jirani. Nasi tuliwapa wenzetu wa kituo cha afya cha Matai, nao wakawapa wengine. Disketi zilisafiri kwa basi ndani ya mifuko ya nailoni.

Aliyekwama alimpigia Mhandisi, naye alipokea bila malipo. Mara nyingi nilisikia nyuma yake sauti ya mkewe akimwambia chakula kinapoa. Sikulitilia maanani. Niliona ni wema wake tu, na kwamba wema huo hautaisha.

Masika moja aliletwa mama kutoka Milepa, mke wa mfugaji wa Kisukuma, amejifungua njiani na damu haikatiki. Mganga Mkuu, mtu wa maneno machache, alikuja mwenyewe hadi dirishani kwangu.

"Sindano za kuzuia damu zipo?"

Nilitazama kioo cha kompyuta. "Zipo, daktari. Maboksi manne."

Nilifungua kabati. Halikuwa na hata boksi moja.

Baadaye tuligundua kwamba toleo jipya la Ghala lilikuwa na kosa: dawa iliyorudishwa kutoka wodini lilikuwa likiihesabu mara mbili. Kosa jingine lilikuwa langu. Tangu niizoee kompyuta, nilikuwa nimeacha kufungua makabati na kuhesabu kwa mkono.

Dereva wetu alikwenda mbio hospitali ya mjini kuomba sindano. Wakati tukimsubiri nilimpigia Mhandisi, nijue ni dawa gani nyingine zimehesabiwa vibaya. Alipokea mkewe. "Ameajiriwa benki, mama," alisema. "Hana tena nafasi ya simu zenu. Mtusamehe."

Dereva alirudi na sindano, na yule mama akapona. Siku alipotoka wodini, mumewe alikuja stoo, akavua kofia na kunishukuru kwa mikono miwili. Sikuweza kumtazama usoni.

Bodi ya hospitali iliitisha kikao. Kulikuwa na wakala aliyekuja na programu nyingine, ya kufungwa, ambayo msimbo wake hauonekani na kila kompyuta inalipiwa leseni yake. Katibu wa hospitali aliipenda. Sista akasema hapana: ikikosea, hakuna fundi wa kwetu atakayeruhusiwa kuifungua. Akashauri tumlipe Mhandisi.

"Kitu cha bure unakilipiaje, Sista?" Katibu aliuliza, na watu wakacheka.

Kikao kiliisha bila uamuzi. Kesho yake mimi na Sista tulipanda basi la Mbeya.

Mhandisi alitupokea vizuri, lakini alikuwa amekonda. "Nimechoka," alituambia. "Watu wananiambia Mungu akubariki, halafu kesho wanapiga tena. Nina watoto. Na kuiuza Ghala siwezi. Nilisema ni huria, itabaki huria."

"Hatukuja kununua programu," Sista alimjibu. "Tumekuja kukulipa wewe, upokee simu na urekebishe makosa. Programu ibaki ya wote."

Mkewe, aliyekuwa akimimina chai, ndiye aliyesema, "Basi apokee saa za kazi tu. Na Jumapili asipigiwe."

Tukakubaliana hivyo. Kila hospitali ingelipa ada ya huduma kwa mwaka, na kwa ada hiyo ingepata mambo matatu: simu kupokelewa siku hiyohiyo, makosa kurekebishwa, na wafanyakazi kufundishwa. Lakini Mhandisi alitoa sharti. Hangeacha mshahara wa benki mpaka hospitali na vituo vya afya, jumla sita, viweke sahihi. Sisi tulikuwa wa kwanza, baada ya Sista kumkalia Katibu kooni wiki nzima. Tano zilizobaki nilitumwa nikazitafute.

Nne zilipatikana kwa barua na safari za kawaida. Ya mwisho ilikuwa Matai. Wakati huo Matai haikuwa makao makuu ya wilaya kama leo. Mganga mfawidhi wa kituo, mzee wa Kifipa mwenye sauti ya upole, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama, kompyuta yangu haijawahi kuniletea shida," alisema. "Sasa nilipie nini?"

Nilimwomba tu tufungue kabati la dawa, yeye asome kwenye kioo, mimi nihesabu kwa mkono. Dawa ya tatu tu, kioo kilisema ipo na kabati likasema haipo. Akavua miwani, akaifuta, akanitazama. Nikamsimulia habari za yule mama wa Milepa, na kosa langu pia sikulificha.

"Lete karatasi yako," alisema, akachukua mhuri.

Nilirudi Sumbawanga juu ya lori la mahindi, nikalala usingizi mzito juu ya magunia njia nzima, mimi ambaye tangu masika nilikuwa sipati usingizi hata kitandani.

Mhandisi aliacha benki. Kosa lile alilirekebisha siku ya kwanza, na marekebisho akayatoa kwa kila anayetumia Ghala, awe amelipa au hajalipa. Katibu alikuja juu. "Yaani wasiolipa nao wanafaidi jasho letu?"

"Wanafaidi marekebisho," Mhandisi alimjibu. "Wakikwama, hawana namba ya kupiga."

Nami alinifundisha kusoma msimbo. Hospitali zilizolipa zilipoongezeka aliniajiri mimi na wengine, nikawa fundi wa huduma wa kanda. Nilifunga safari za Namanyere, Mpanda na Tunduma nikiwa na begi la disketi, baadaye sidii, baadaye simu ya mkononi tu. Kila nilikofika nilianza kwa kufungua makabati na kuhesabu kwa mkono, na niliowafundisha niliwafundisha hivyohivyo.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza ilikuwaje kitu cha bure kikatulisha sisi wote. Nawaambia Ghala haikutulisha. Tulilishwa na watu waliotaka kuwa na uhakika kwamba wakiuliza watajibiwa, na sisi tukajibu.

Siku yangu ya mwisho, nikiwa namkabidhi ofisi mwalimu mmoja wa zamani tuliyemfundisha kazi, simu iliita. Ilikuwa hospitali ya mbali, upande wa kusini, ambayo sikuwahi hata kuisikia.

"Tumeitumia Ghala yenu bure miaka mingi," alisema mama wa upande wa pili, kwa aibu kidogo. "Sasa tunataka na sisi tuwe na mtu wa kumpigia."

"Mmeshampata," nilimwambia. "Huyu hapa."

Nikampa mwalimu simu, nikachukua mkoba wangu, nikatoka nje. Nyuma yangu nilimsikia akiuliza, taratibu, shida yao ilianzia wapi.