Jani Alilotuma Guyo

Jamani, leo jani kavu la miaka arobaini limenikalisha chini.

Ule ukame wa miaka ya themanini, kaka yangu Guyo alitangulia Merti kutafutia ng'ombe wetu malisho. Akatutumia jani kwa lori, ndani ya kifurushi.

Kwetu, ukituma nyasi nyumbani umesema: mvua imenyesha, leteni mifugo.

Baba akahamisha ng'ombe wote hadi malisho yetu ya zamani huko Merti, mbali na mto na kinamasi chake.

Vumbi tupu! Wakafa karibu wote.

Baba alimwita Guyo mwongo hadi akaingia kaburini. Guyo naye aliondoka, akafia Moyale.

Leo binti yake, anayesomea mimea chuoni, amekuja kunisalimia hapa Kiwanjani. Nikamtolea lile jani kutoka sanduku la marehemu mama.

Akaliloweka kwa maji moto, akalikata kwa wembe. Ndani kuna vijumba vya hewa, kama sponji.

"Shangazi, hizi si nyasi. Ni ule mmea wa kinamasi, wenye kichwa cha kahawia kama soseji. Huota penye maji."

Wallahi, ndipo nikaelewa.

Guyo alikuwa anatuambia kinamasi bado kina maji, tupeleke ng'ombe huko.

Kisha binti akauliza, "Nani alisema ni nyasi?"

Siku zile macho ya baba yalikuwa na ukungu, haoni vizuri. Mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyemfungulia kile kifurushi.

Nimemjibu, "Sikumbuki."

Mko hapo? Niambieni kitu.

Yuko jikoni, ananipikia chai.