Wananitaka nisaini kwamba watoto wetu watakuwa salama kambini

Ndugu msimamizi wa kundi hili, jina langu libaki kwako tu. Huku Tanga tunajuana, nikitaja hata mtaa wangu wameshanipata.

Mimi ni mama wa miaka 37, nina mume na watoto wawili. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na huu ni mwaka wa tisa nafundisha shule ya Jumapili usharikani kwetu.

Mwaka jana walikuja wageni wa dayosisi wakatufundisha habari za usalama wa watoto. Wakatuachia mwongozo. Mtu mzima asijifungie na mtoto chumbani, asichati naye kwa siri, na kila anayejitolea ajaze fomu na kuleta wadhamini wawili, mmoja atoke kanisa alikosali kabla. Tulipiga makofi, tukapiga picha, mchungaji akaunda kamati ya usalama wa watoto, akanipa ukatibu. Mimi mjinga nikadhani nimepewa kazi kweli.

Fomu zikajazwa. Hata bibi anayewapikia watoto uji, asiyejua kusoma, alisomewa na mjukuu wake akaweka dole gumba. Akabaki mtu mmoja tu, mwalimu wa kwaya ya watoto. Nitamwita Elia, si jina lake. Mcheshi, anapiga kinanda vizuri, watoto wanamwita anko. Alihamia kwetu miaka miwili iliyopita, na mke wa mchungaji ni dada yake wa damu.

Nilipomkumbusha fomu mara ya kwanza alicheka. "Dada, mbona kama naomba kazi bandarini?" Mara ya pili akasema imepotea. Nikampa nyingine. Baada ya hapo akawa hapokei simu zangu.

Jumamosi moja mchana nilipita kanisani nikakuta chumba cha kwaya kimefungwa kwa ndani, kinanda kinalia. Nikagonga. Alipofungua, alikuwa na binti wa miaka kumi na moja, wawili tu. Sikuona baya lolote, nasema kweli mbele za Mungu. Nilisema tu, "Kaka, mlango ubaki wazi." Akanijibu mbele ya mtoto, "Unanitafutia kesi?"

Wiki iliyofuata yule binti akaacha kwaya. Nilimwuliza kwa upole, akasema, "Sitaki tu, mwalimu," akainamia viatu vyake. Sikumbana, kwa sababu tulifundishwa tusimhoji mtoto. Nilimwambia mama yake, akasema binti siku hizi ni mvivu.

Nikaenda kwa mchungaji.

"Mama, umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu, baba mchungaji. Naomba ajaze fomu kama wenzake, na mlango usifungwe."

"Kama hujaona kitu, usimchafulie kijana wa watu jina."

Mzee wa kanisa aliyekuwepo akadakia kwamba haya mambo ya fomu ni ya Wazungu, sisi tunalea kwa upendo.

Basi nikapiga simu mwenyewe kanisa alikotoka. Alipokea mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akasema, "Aliondoka tu, mwanangu. Hatukuandika chochote."

"Aliondoka kwa sababu gani, mama?"

"Si nimekwambia hatukuandika." Akakata.

Nilipompelekea mchungaji habari hizo, aliniambia kanisa haliendeshwi kwa maneno ya simu.

Sasa Ijumaa hii watoto wanakwenda kambi Kigombe, siku nne, wanalala hukohuko. Kiongozi wa kambi ni Elia. Dayosisi inataka barua yenye saini ya katibu, yaani mimi. Mchungaji aliniletea nyumbani imeshachapwa, imeandikwa watumishi wote wamehakikiwa. Nikamwuliza fomu ya Elia iko wapi. Akasema, "Saini, atajaza wakirudi." Nikakataa, lakini maandalizi ya safari yanaendelea tu. Jumapili akatangaza madhabahuni kwamba kuna watu hawapendi watoto wamjue Mungu. Kanisa zima likanigeukia mimi. Kina mama niliokuwa nao kwenye vitenge vya sare sasa wananipita kama nguzo.

Mume wangu naye anasema, "Saini tuishi kwa amani. Wanetu si hawaendi?" Hilo ndilo limeniumiza kuliko yote. Kwani hao wengine si wana wa watu?

Aliyenielewa ni jirani yangu, Bi Zuhura, wala si mtu wa kanisani. Aliniambia, "Mwalimu, ustadhi wa wanetu asomesha barazani, kila apitaye amwona. Na hajaona kuwa katukanwa." Nilitamani wazee wetu wamsikie.

Nimewaza kwenda ofisi ya ustawi wa jamii, lakini nikifika nitasema nini? Mlango uliofungwa na simu iliyokatwa? Wakiita watu na mambo yawe si kweli, nimemharibia kijana maisha. Nikinyamaza na mambo yawe kweli, watoto thelathini wako naye siku nne.

Jana mama wa yule binti alinipigia kuniuliza watoto wabebe shuka ngapi. Nikamwuliza kama binti amekubali kwenda. Akacheka. "Analia tangu juzi, hataki. Lakini lazima aende, akifika atazoea." Nikamsihi amwache nyumbani, akaniuliza swali lilelile la mchungaji, "Kwani mwalimu umeona nini?"

Leo ni Jumatano. Wenzangu mliowahi kupitia haya, niambieni kesho asubuhi nianze kubisha hodi wapi.