Maziwa ya Kutoa Zebaki

Nianze na ng'ombe wangu wa hapa Ibadakuli, maana yeye ndiye aliyekamuliwa bure. Maziwa yake mazito, ila ana teke baya, hata jirani analijua. Haya, turudi kwa mdogo wangu wa kike.

Aliolewa kule Bulyanhulu na mwenye karasha. Huyo shemeji yangu, kwa vile anasaga mawe na kuchoma zebaki apate dhahabu, kajifanya daktari wa mwalo mzima, pale wachimbaji wanapooshea dhahabu. Mtu akitetemeka, zebaki. Dawa yake, maziwa mabichi. Kichwa kikubwa, ndani pumba.

Mdogo wangu alishakatwa tezi la shingo zamani, ilikuwa kansa. Majuzi akaanza kutetemeka. Anakula kama wachimbaji watatu na bado anakonda, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Na nyonga inamuuma. Shemeji akapiga simu nipeleke maziwa. Nikapeleka, dumu baada ya dumu, na mtu anazidi kuyeyuka. Mimi shule niliiacha mapema, lakini macho ninayo: mbona yeye anayeichoma hiyo zebaki mkono wake umetulia? Nikampakia mdogo wangu kwenye basi, tukaenda hospitali kubwa Mwanza. Shemeji, bingwa wetu wa zebaki, akatufuata, dumu mkononi.

Daktari, binti wa rika la wajukuu zangu, akapima damu, akamsimamishia vidonge vya homoni anavyomeza tangu akatwe tezi, akapima tena, akapiga picha. Akasema hata bila vidonge, homoni ya tezi imejaa mwilini kupita kiasi. Shemeji akacheka.

"Tezi lilikatwa, daktari. Kitu kisichokuwepo kinatoaje homoni?"

"Kansa imesambaa, baba. Iko kwenye mfupa wa nyonga, na huko huko inatengeneza homoni ile ile. Tukiiacha, moyo utashindwa."

Atapewa dawa ya kutuliza moyo, kisha atanyweshwa dawa yenye mionzi ya kuua kansa na kutengwa na watu siku chache, isiwadhuru. Kupona, daktari hakuahidi. Shemeji akasema basi wanarudi nyumbani, maziwa yatamaliza.

Mdogo wangu hata hakunyanyuka. "Kayanywe wewe, baba watoto. Mimi nabaki."

Kabaki. Moyo umepunguza mbio, mashavu yanarudi, nyonga bado. Bingwa karudi mwaloni, anawatangazia wachimbaji kwamba Mwanza wamekuta zebaki imezama mpaka mfupani, kama alivyosema yeye. Na wanamwamini, wajinga wale. Juzi kanipigia tena, kuna mwingine anatetemeka.

Nikamwambia maziwa yamekauka. Teke lipo, aje alichukue.