Swali Lililompokonya Mzee Ufunguo wa Ukumbi

Siku ya Jumanne, binti wa mzee wetu wa Southall, hapa London, alinipigia simu kunijulisha kwamba baba yake amefariki. Alikuwa Mpunjabi wa dini ya Sikh, mzaliwa wa Kisumu, aliyetuonyesha filamu katika ukumbi wa jumuiya yao na kuzisimamisha katikati ili tunywe chai, kama alivyozoea tangu Kenya. Tulifahamiana kwa karipio. Niliisifu katika safu yangu hii filamu ya serikali ya India iliyomgeuza kila mvaa kilemba kuwa muuaji, akanipigia simu. “Bwana mwandishi, umeandika kwamba ulilia. Sawa. Muziki ulianza kabla hujalia, ama baada?” Alitaka kujua kama nililizwa na kisa au na muziki. Nilikuwa nimesoma hadi chuo kikuu, lakini sikuwahi kujiuliza hilo.

Baadaye vijana wakamletea filamu ya upande wao, wa wanaotaka Punjab ijitenge na India. Humo kila mwenye bunduki alikuwa shujaa. Mzee akaisimamisha palepale abiria wa basi walipopigwa risasi na mashujaa hao, akawasha taa. “Huyu aliyeanguka anaitwa nani?” Akajijibu mwenyewe: “Hamjui, kwa sababu filamu haikumpa jina. Kaka yangu alikufa hivyohivyo, ndani ya basi.” Kijana mmoja akafoka: “Mzee, serikali ya Delhi imekununua!” Akacheka. “Mwezi jana nilisimamisha filamu ya Delhi, pale wanajeshi walipoua, mkanipigia makofi. Leo nimenunuliwa? Kunyweni chai, bwana.” Kamati ya jumuiya ikamtaka aombe radhi au arudishe ufunguo wa ukumbi aliouhudumia nusu ya maisha yake. Akaurudisha. Marafiki wa miaka mingi wakaacha kumsalimu. Aliendelea kutuonyesha filamu sebuleni kwake, watu sita au saba, na niliona jinsi upweke ule ulivyomuuma.

Nakiri kwamba ni rahisi kumsifu Mpunjabi kwa ujasiri wake kuhusu Punjab. Wiki hii jamaa zangu wa hapa London wameniomba niinadi filamu kuhusu ghasia za uchaguzi wa kwetu Kenya, ambayo inawalilia wafu wa kabila langu peke yao. “Kaka, wewe si wetu?” ameniuliza mmoja. Mimi ni wenu, nimemjibu, na ndiyo maana sitaandika neno la sifa mpaka mnitajie waliouawa na mikono yetu. Wamekasirika, na huenda Krismasi hii nikala peke yangu. Na iwe hivyo. Msiba wa kweli hauhitaji kuficha maiti za jirani ili uaminiwe.