Mama Mkwe Alipouliza Siku Zangu

Nakumbuka asubuhi moja hapa Mkuyuni, mama mkwe, aliyetoka Nansio kututembelea, aliniuliza jambo nikatamani ardhi ipasuke. "Mkwe wangu, huu mwezi wa tatu niko hapa. Mbona sijaona vitambaa vyako kwenye kamba, na mimba sioni?"

Nilikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, mwanangu. Nilikuwa mnene wa kusifiwa, na kidevuni ziliota ndevu nilizozing'oa kila Jumamosi, nikidhani ni urithi wa shangazi.

Hospitali nilishakwenda, peke yangu. Nesi aliponiuliza siku zangu huja lini, nilijibu kila mwezi bila kukosa. Uongo mtupu. Zilikuja baada ya miezi mitatu, pengine minne, nami niliona aibu kusema. Basi kwa miaka miwili wakanitibu ugonjwa nisiokuwa nao.

Nilimwambia mama mkwe ukweli, nikingoja aniambie nifunge mizigo. Hakukasirika. Aliuliza maswali taratibu, moja baada ya jingine, kama anayechambua mchele. Kisha akasema, "Mficha uchi hazai. Vaa viatu twende."

Safari hii nilieleza yote, hata ndevu. Daktari alinipima kwa ultrasound, akatuonyesha vifuko vidogo vingi kwenye ovari. Mayai yalikuwapo, ila hayakuwa yakipevuka. Mama mkwe akauliza kama mwanawe naye apimwe, akapimwa, akakutwa hana tatizo. Nikapunguza wali na soda, nikawa natembea hadi Mirongo na kurudi, nikapewa vidonge vya kusaidia yai kupevuka, vya siku chache tu kila mzunguko. Mara tatu havikufua dafu, nikalia sana. Mara ya nne, nikaanza kuchukia harufu ya sangara.

Mama mkwe alimbeba mjukuu wake miezi mitano, kisha yeye mwenyewe akafariki. Ile miaka miwili niliyoficha ingekuwa yao, bibi na mjukuu.

Mwanangu, sitakudanganya, si kila anayetibiwa hupata mtoto. Lakini kuuliza si ujinga, na kujibu si aibu. Siku zako zikipotea, andika zilipokuja mara ya mwisho, umpelekee daktari karatasi hiyo, na mumeo mwende pamoja. Mungu akupe mtu wa kukuuliza bila kukuhukumu, na akupe ulimi wa kumjibu mapema.